Sahihi Kumi na Mbili za Myanga

Heri niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana habari hii ilianzia Bungoma na ikafika Kitale kabla yangu: mimi ndiye yule mtu aliyenyimwa kibali cha kukaanga kahawa kwa sababu alikataa kuoa. Chekeni. Kila mtu amecheka. Hata mama yangu alicheka siku ya kwanza, lakini siku ya pili akaacha kucheka akaanza kuniangalia tu, na huko kuangaliwa ndiko kulikoniuma zaidi.

Naitwa Karanja (najua, Karanja anakaanga, hiyo nimeshaisikia katika kila ofisi, na wa zimamoto aliirudia mara mbili). Nilikuwa karani wa stoo katika kampuni ya mbegu hapa Kitale, kazi ya kuandika kilichoingia na kilichotoka, na ninaipenda kazi ya aina hiyo, napenda karatasi ikae mahali pake. Kisha nikaacha kazi nikanunua mashine ya kukaangia kahawa. Ni mashine ya gesi, ngoma yake ya chuma inazunguka na kukaanga kilo kumi na tano kwa mara moja, na bomba lake la moshi ni refu kama la jiko la shule ya bweni. Wakulima sita wa Kapsokwony walikuwa wamekubali kuniwekea buni yao badala ya kuwauzia madalali. Mashine ilifika, tukaiweka kwenye stoo ya mahindi ya mama, na kaunti ikaniambia hapo kwa mama haiwezekani kwa sababu ng'ambo ya ua kuna shule ya chekechea.

Basi nikatafuta jengo, nikazunguka miezi miwili, nikalipata Myanga. Lilikuwa jengo la posho mill (mashine ya kusaga mahindi) iliyofungwa, bado lina ule umeme wa waya tatu wa mashine kubwa, na majirani walikuwa wamezoea vumbi na kelele. Mwenyewe ni Mwalimu Wekesa, mstaafu, mtu wa tai hata akienda kukamua ng'ombe. Tukaandikiana mkataba wa kupanga, tukasalimiana kwa mikono miwili, nikadhani nimemaliza.

Sikuwa nimemaliza. Kaunti haikupi kibali cha biashara bila cheti cha zimamoto, zimamoto hawaji bila mchoro wa jengo wenye muhuri, muhuri haupigwi bila barua ya watu wa mazingira, watu wa mazingira wanataka majirani watie sahihi kwamba hawapingi moshi, na ile leseni yenyewe ya kukaanga kahawa haifunguliwi hata ukurasa mpaka hayo yote yawe yamepangwa juu ya meza kwa mfuatano wanaoutaka wao, ambao hubadilika kulingana na nani yuko kazini siku hiyo. Nilizunguka miezi minne. Nilikuwa na faili lenye vikaratasi vya rangi, kijani kwa kilichokamilika na nyekundu kwa kilichobaki, na kwa muda mrefu faili lilionekana kama linatoka damu.

Aliyenisaidia ni Nafula, binti wa Mwalimu, anayefanya kazi katika duka la dawa pale Bungoma mjini. Saa ya chakula alikuwa anatoka na koti lake jeupe tunakwenda ofisini pamoja, yeye anajua dirisha gani hufunguliwa lini na nani hataki kuitwa "madam". Jumapili mbili tatu alikuja kwenye jengo tukachambua sampuli za buni kwenye ungo, tukizungumza mambo ya fomu. (Mimi nilidhani tunazungumza mambo ya fomu.)

Afisa wa mazingira alikuwa mama mmoja asiye na maneno mengi, Madam Chepkwemoi. Jumatano moja aliniita akafungua faili langu akasema, "Karanja, hii imekaa sana. Jumamosi niko na ukaguzi upande wa huko, nitapita Myanga saa tano. Nikikuta majirani kumi na wawili, watie sahihi nikiona, napitisha. Nisiwakute, nafunga faili, unaanza mwanzo."

"Nitawapata, Madam."

"Wapelekee barua ya mwaliko. Kwa mkono. Na uwaelezee."

Barua kwa mkono. Sikilizeni hapo, maana hapo ndipo pa uamuzi mdogo. Kutoka pale ofisini Bungoma hadi Myanga na kurudi Kitale ilikuwa ni kuimaliza siku yote, nilikuwa sijala, foleni ya kuchapa barua ilikuwa imetoka nje ya mlango, na simu ilikuwa mkononi. Nikajiambia Mwalimu ni mtu msomi, ujumbe wa simu unatosha, yeye atawaambia majirani. Nikauandika nikiwa nimesimama, nikautuma kabla sijausoma. Huu hapa, herufi kwa herufi, kwa sababu baadaye ulisomwa mbele ya watu na sasa hauna siri tena:

"Habari Mwalimu. Jumamosi saa nne nitakuja kwako na watu wawili tuongee mambo ya mahari. Naomba majirani wawepo ili kila mtu akubali na kutia sahihi. Upande wangu kila kitu kiko tayari. Karanja."

Kama hujaona, rudia. Mimi sikuona. Nyumbani kwetu L na R ni mtu na ndugu yake, anayekuwa karibu ndiye hutumwa, na mwalimu wangu wa darasa la nne alinichapa kwa jambo hilo hadi akachoka yeye. Nilitaka kuandika mahali. Mahali pa mashine.

Mwalimu alijibu baada ya dakika tano: "Ujumbe nimeupata, mwanangu. Tumeingoja siku hii. Mama yako atakuja?"

Nikaona mzee anajali sana mazingira. Nikamjibu kwamba mama anaumwa miguu. Akaandika, "Si neno. Atapelekewa chake."

Ijumaa jioni Nafula akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya chini.

"Karanja, ati umemtumia baba ujumbe?"

"Eeh, nimemtumia."

"Na umeamua kabisa?"

"Nafula, hii kitu nimeifikiria miezi minne. Silali."

"Si ungeniambia mimi kwanza?"

"Niliona nimalizane na mzee kwanza. Wewe si utajua tu?"

Nikamsikia akicheka, kicheko kidogo cha mtu aliyeziba mdomo kwa kiganja. "Haya basi," akasema. "Uvae shati ya maana." Nikaandika kwenye daftari langu: shati.

Jumamosi nikaenda na mjomba Njuguna, fundi ambaye angeifunga ile mashine, mtu mwema mwenye maneno mengi, alivaa kofia yake ya kuendea mazishi. Wa pili wetu alikuwa Madam Chepkwemoi mwenyewe, aliyesema atatukuta huko. Tulipofika tukakuta hema mbili, viti vya kanisa, sufuria tatu juu ya moto, na nilipohesabu watu (mimi huhesabu, ni tabia ya stoo) wakapita sitini. Mimi nilihitaji kumi na wawili tu. Mwalimu alikuwa amevaa suti. Mama Nafula, ambaye kila nilipofika alinimiminia chai mwenyewe na kuniuliza mbona nimekonda, aliponiona akaacha karai la maji pale pale, akajifunika uso kwa leso na kukimbilia nyuma ya jikoni. Baadaye sana ndipo nilipoelezwa kwamba huko mama hatazamani na mkwe. Siku hiyo niliandika tu: "Mama mwenye nyumba, huenda ni mgonjwa. Mwitikio wa majirani ni mkubwa mno."

Nikamnong'oneza mjomba, "Leo tumepona."

Tukakalishwa upande mmoja, wao upande wa pili, katikati pakaachwa wazi. Akasimama Mzee Barasa, mdogo wake Mwalimu, akajifuta midomo.

"Wageni, kalibuni sana. Sisi hapa tumewaona tu mmeingia na viatu vizuri. Hatujui mmefuata nini. Mtuambie."

Mjomba akasimama, akavua kofia. "Asanteni wazee. Mimi ni fundi. Sitazunguka. Kijana wetu ako na mashine, na anataka kuileta hapa kwenu."

Wanaume wakacheka kwa heshima. Kule kwenye sufuria wanawake wakacheka bila heshima.

"Mashine," akasema Mzee Barasa, akitikisa kichwa kama mtu aliyepewa fumbo zuri. "Na hiyo mashine imewahi kufanya kazi mahali pengine?"

"Hapana, mzee. Ni mpya kabisa. Hata karatasi haijatolewa."

Mwanamke mmoja ilimbidi akae chini.

"Haina kelele?"

"Mwanzo tu. Ikishapata moto inatulia."

Mimi nilikuwa nafurahi. Naapa nilikuwa nafurahi, niliona watu hawa wanaipokea teknolojia kwa moyo mweupe. Wakati huo huo Madam Chepkwemoi akaingia na faili lake, akaja moja kwa moja akaketi upande wetu, na wanawake wakapiga vigelegele, mmoja akamletea soda na kumwita shangazi. Madam akaichukua soda, akaitazama, akanitazama mimi. Nikamwashiria kwa kidole gumba kwamba mambo yanakwenda vizuri.

"Sasa tumewasikia," akasema Mzee Barasa, na uso wake ukabadilika ukawa wa kazi. "Tuje kwa ng'ombe."

Mjomba akanitazama. Nikainua mabega. "Ng'ombe?" akasema mjomba. "Hapana, mzee. Hii inatumia gesi."

Kicheko hakikuja. Nimewahi kukaa katika mikutano mingi, lakini sijawahi kusikia watu sitini wakinyamaza namna ile, mpaka ukasikia mafuta kwenye sufuria. Mzee mmoja akauliza jirani yake kwa sauti ya kutosha, "Amesema ng'ombe hawana, ama wamekufa na gesi?"

Nikasimama. Kumbe kuna desturi kwamba anayeoa hasimami wala hasemi, wa kusema ni wazee wake, kwa hiyo kule kusimama kwangu tu kulikuwa tusi. Nikasema, "Wazee, naomba radhi, labda hatujaelewana. Sisi tumekuja kuhusu mahari pa kuweka mashine ya kukaanga kahawa." Ndiyo, nililisema tena vile vile, na sikujisikia.

"Mahari ya nini?" akauliza Mwalimu. Hakuwa amesema neno tangu tuingie.

"Pa mashine, Mwalimu. Mahari. Mahari pale kwa posho mill."

Mwalimu akatoa simu yake mfukoni, akavaa miwani, akausoma ujumbe wangu wote taratibu, kwa sauti ya darasani. Alipofika kwenye lile neno akalitamka herufi moja moja. "M-a-h-a-r-i." Akavua miwani. "Kijana, mimi nimefundisha Kiswahili maisha yangu yote. Sisi pia hizo herufi zinatuchezea mdomoni, sikatai. Lakini hatukosei kwa kalamu."

Nikataka kusema ilikuwa ni simu, si kalamu. Namshukuru Mungu sikusema.

Hapo ndipo nilipomwona Nafula. Alikuwa amesimama mlangoni na gauni la rangi ya kahawa mbichi ambalo sijawahi kumwona nalo, nywele zimesukwa upya. Alikuwa amesikia yote. Ningeweza kuwaambia kwamba sikuelewa ule uso, lakini mimi ni mtu wa kuangalia, na mara hii nilielewa.

Mwalimu akasema, "Hakuna neno. Makosa ni ya binadamu. Basi wewe niambie, hapa mbele ya watu. Umekuja kwa binti yangu, ama umekuja kwa jengo?"

Nimelijibu swali hili mara nyingi tangu siku hiyo, nikioga, nikifagia stoo, na majibu yangu yamekuwa mazuri sana. Siku ile ilikuwa saa tano na robo, Madam Chepkwemoi alikuwa ameshafungua fomu juu ya goti, kalamu iko wazi, na nilichokiona mbele ya macho ni kikaratasi chekundu cha mwisho kikigeuka kijani.

"Kwa jengo, Mwalimu," nikasema.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama mmoja kule nyuma akasema tu, "Toeni hiyo kuku kwa moto."

Mzee Barasa, ambaye nadhani alikuwa anapenda siku iende vizuri kuliko mtu yeyote pale, akajaribu kuokoa. "Wacheni kijana afikilie, bana. Kwani shida iko wapi? Jengo ni la Mwalimu, msichana ni wa Mwalimu. Achukue vyote mara moja."

Wachache wakacheka. Nafula akasema kutoka mlangoni, bila kuinua sauti, "Baba mdogo, mimi si posho mill."

Na kicheko kikaisha.

Madam Chepkwemoi akakohoa. Ni mtu wa sheria na alikuwa na ukaguzi mwingine saa saba. "Mimi poleni," akasema, "lakini mimi nimekuja kuuliza kitu moja. Kuna mradi wa kukaanga kahawa. Majirani, kuna mwenye pingamizi?"

Nafula ndiye aliyetangulia. Alivuka ile nafasi iliyoachwa wazi katikati, akapiga goti kidogo kwa Madam kwa heshima, akachukua kalamu, akaandika jina lake lote upande wa kupinga. Hakunitazama. Baada yake akaja Mzee Barasa, kisha mwenye kibanda cha kinyozi, kisha mama wa mandazi, kisha mstari. Nilikuwa nimetafuta sahihi kumi na mbili kwa miezi minne na nikazipata kwa dakika kumi, na wengine wakarudishwa kwa sababu nafasi kwenye karatasi ilikwisha.

"Lazima niandike sababu," akasema Madam. "Ni moshi, ni kelele, ama ni harufu?"

Wakatazamana. "Andika vile ilivyo," akasema Mzee Barasa. "Amekataa kuoa."

Nikamtazama Madam kwa macho ya kuomba. Akafikiri kidogo, na akaandika. Ni mwaminifu sana yule mama.

Tukaondoka bila kula. Garini, tulipokwisha kupita Bungoma mjini, mjomba akasema, "Ile kuku, lakini," akaacha hapo hapo.

Tangu siku hiyo faili langu limekuwa na umaarufu ambao kahawa yangu haijapata. Nimelifuata katika ofisi tatu. Kila mara ni vile vile: karani analifungua akiwa na uso wa karani, anasoma, anasimama kusoma, anamwita mwenzake wa chumba cha pili, "Hebu kuja uone hii," kisha wote wawili wananitazama kutoka kwenye viatu kwenda juu. Mmoja wa hapa Kitale aliniuliza, kwa huruma kabisa, kama msichana alikuwa na kasoro. Nikamwambia hakuwa na kasoro hata moja. Akasema, "Sasa?" Wakulima wa Kapsokwony waliningoja wiki tatu, wakanipigia simu kwa adabu, wakauza.

Mwezi uliopita nikaambiwa iko njia. Kuna fomu ya kuondoa pingamizi, ukurasa mmoja, na aliyepinga wa kwanza akiitia sahihi faili linafunguliwa tena. Nikaichukua, na mara hii niliipeleka kwa mkono. Nikafika Bungoma saa ya chakula, nikapanga foleni dukani kama mgonjwa, mbele yangu watu wawili, nyuma yangu mzee anayekohoa.

Nafula alikuwa na koti lake jeupe. Nikasema, "Niaje, Nafula," akasema, "Nikusaidie na nini?" kama anavyomwambia kila mtu. Nikamsukumia fomu chini ya wavu. Akaisoma yote, mbele na nyuma, hata yale maandishi madogo. Kisha akachukua kalamu, akaweka ncha yake kwenye mstari wa katikati.

"Hapa wanataka sababu ya kuondoa pingamizi," akasema. "Niandike nini?"

Nilikuwa nimejaza jina, namba ya kitambulisho, eneo, aina ya mashine, urefu wa bomba. Huo mstari nilikuwa nimeuona, nikadhani ni wa kujaza yeye. Nikasimama pale. Yule mzee akakohoa mara ya kwanza, akakohoa mara ya pili, na mimi mtu wa kuandika kila kitu nikawa sina neno moja la kumpa aandike.

Akanirudishia fomu chini ya wavu. "Ukiwa na la kuandika, urudi," akasema, si kwa hasira, akamgeukia mzee. "Karibu, baba. Kifua kimekuanza lini?"

Kwa hiyo nimeapa. Jambo la kumwambia mtu sitalituma tena kwa simu, nitatembea mpaka mlangoni kwake nilitamke mwenyewe, hata kama ulimi utalikosea, ili aone uso wangu unasema nini. Kiapo hicho nimekitimiza kwa kila mtu isipokuwa mmoja, maana kwake nimeshatembea mara mbili, nikafika hadi ng'ambo ya barabara, nikalitazama lile duka, nikarudi Kitale.